Mweso: mbegu mbaya ao shamba baya? Makopo ya masomo yanaweza kujibu

Kila mwisho wa sezoni, kwenye soko ya Mweso, mazungumzo ni yale yale. Mmoja anasema maharagi yake yalipanda juu sana, majani mengi, lakini maganda ni ya kuhesabu kwa vidole. Mwingine, mwenye alinunua kwenye mfuko ule ule, anasema amevuna vizuri. Basi wa kwanza anaona amedanganywa, mbegu ilikuwa mbaya. Wa pili anaona mwenzake ni mvivu. Swali ambalo halisikiki ni hili: ingekuwaje kama wangebadilishana mashamba?

Si swali la kupitisha wakati. Januari 2024, vita ilipofika Mweso, maelfu ya wakaaji walikimbia, wengine wakajificha ndani ya hospitali kuu. Februari 2025, kambi za wahami kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wengi wakarudi Masisi mikono mitupu. Mwenye amekimbia mara mbili, mara tatu, hana tena mbegu yake. Ile iliyokuwa inatunzwa juu ya moshi wa jikoni ililiwa, iliibiwa, ao ilioza. Anayerudi anapanda kile anapata: glasi ya maharagi ya soko yenye imetoka hakuna anayejua wapi, ao mfuko wa shirika la kiutu. Mavuno yakikosekana, anahitaji kujua ni kitu gani abadilishe. Akitupa mbegu nzuri kumbe ni udongo umechoka, amepoteza mara mbili, kwa sababu mbegu mpya atakayonunua itakwama pale pale. Akibeba mbolea mgongoni majuma mawili kumbe mbegu haifai kwa mahali, vilevile amepoteza.

Nani wa kumsaidia? Serkali iko na SENASEM, idara inayochunguza mbegu na kutoa cheti. Iko na INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo, yenye kituo Mulungu, Kivu ya Kusini. Toka Mweso kufika Mulungu ni safari ambayo watu wachache wanaweza siku hizi, na agronomu mwenye anaweza kupita kila kilima cha shefri ya Bashali hayuko. Lakini kuna kundi moja la watu wenye daftari, rula, kalamu na saa za somo la biolojia kila juma. Ni wanafunzi wa sekondari.

Jambo hili linachekesha wengine. Masomo mengi ya Masisi hayana laboratware. Darasa moja lina wanafunzi wengi kuliko viti, mwalimu anachora seli ya mmea kwa chaki, watoto wananakili, na hadubini wanaijua kwa picha tu. Lakini kwa swali la mbegu na shamba, hadubini haihitajiki. Linahitaji makopo ya tomati yaliyotupwa, msumari wa kutoboa chini ili maji yatoke, udongo, glasi moja ya maharagi, na uvumilivu. Programu mpya ya sayansi ya sekondari yenyewe inataka mwalimu aanze somo kwa hali ya kweli ya maisha. Hapa Mweso, hali ya kweli zaidi ya ile ya maharagi itakuwa ngumu kupata.

Mtu wa maharagi

Tena maharagi si kitu kidogo katika sayansi. Mwaka 1903, mtu wa Denmark anayeitwa Wilhelm Johannsen alitangaza kazi aliyofanya juu ya maharagi ya kawaida, jamaa ya haya haya ya sahani za Masisi. Johannsen hakutoka kwenye pesa. Wazazi wake hawakuweza kumlipia univerisite, akaenda kujifunza kazi kwa mtengeneza dawa. Swali lake lilikuwa la mkulima: kama kila mwaka unachagua punje kubwa tu za kupanda, je, maharagi yako yataendelea kuwa makubwa bila mwisho?

Alifanya hivi. Alichukua maharagi, akafuata uzao wa kila punje pekee yake, bila kuchanganya, mpaka akawa na koo 19. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ua la haragi hujichavusha lenyewe, basi watoto wa punje moja wanafanana ndani karibu kabisa. Kisha ndani ya kila ukoo alipanda punje nzito upande mmoja na punje nyepesi upande mwingine. Akapima watoto wao. Kumbe, ndani ya ukoo mmoja, watoto wa punje nzito na watoto wa punje nyepesi walikuwa na uzito uleule wa wastani. Punje nyepesi haikuwa na mbegu mbaya. Ilikaa tu vibaya ndani ya ganda, ao mama yake alisimama mahali pabaya.

Lakini ukoo na ukoo walikuwa mbalimbali, na tofauti hiyo iliendelea mwaka kwa mwaka. Miaka sita baadaye, mwaka 1909, Johannsen alitoa maneno ambayo wanafunzi wa biolojia wanakariri mpaka leo: jeni, jenotipi na fenotipi. Jenotipi ni kile mbegu imebeba ndani. Fenotipi ni kile jicho linaona na rula inapima, baada ya mbegu ile kukutana na jua, mvua, udongo na wadudu wa mahali fulani. Watoto wanayaandika maneno haya kwenye mtihani bila kujua kwamba yalizaliwa ndani ya bakuli ya maharagi.

Na mama mkulima anapata nini hapo? Anapata kitu cha kweli. Katika eneo hili la Maziwa Makubwa wakulima wengi hupanda maharagi ya mchanganyiko: nyekundu, meupe, ya madoadoa, yote mfuko mmoja. Anayechagua punje nzuri ndani ya mchanganyiko kama huo anafanya kazi yenye maana, kwa sababu bila kujua anachagua koo. Lakini mwenye mfuko wa aina moja safi, akichagua punje kubwa tu, atapata mimea inayoanza kwa nguvu kidogo, kwa kuwa punje kubwa iko na chakula kingi ndani, lakini aina yenyewe haitabadilika. Kuchagua punje zisizo na doa la ugonjwa, hilo ni jambo lingine, na linafaa siku zote.

Matembele, maharagi na viazi

Kuna majaribio matatu ambayo darasa la Mweso linaweza kufanya bila kuomba franka kwa mtu.

La kwanza ni la matembele, na ndilo rahisi kuliko yote. Shina moja refu la viazi vitamu linakatwa vipande 10 vya urefu sawa, kila kipande na vifundo vinne. Vipande vyote ni mmea mmoja. Ndani yao hakuna tofauti ya uzao hata kidogo. Vitano vinapandwa kwenye jua, vitano chini ya kivuli cha majani ya migomba yaliyotandikwa juu ya vijiti. Udongo uleule, kopo lilelile, maji kwa kipimo kilekile. Ujanja mmoja tu: kipande cha ncha ya shina huota haraka kuliko kipande cha chini, basi vya ncha vigawanywe pande zote mbili. Vikiwekwa vyote juani, jaribio limedanganya tangu siku ya kwanza.

Baada ya majuma matatu, wanafunzi wanapima nafasi kati ya jani na jani. Wanaweka jani juu ya karatasi ya daftari ya hesabu, wanachora mzunguko wake, wanahesabu vyumba ndani. Mimea ya kivuli huwa na shina refu lenye nafasi kubwa, majani mepesi, mara nyingi mapana, na rangi iliyofifia. Ya juani ni mifupi, migumu, majani yamekaa karibu-karibu. Mtu ambaye hakujua angeapa kwamba ni aina mbili.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi wanaisahau, na ni nzuri kupita ile ya kwanza. Makopo mawili ya kivulini yanahamishwa juani. Majani mapya yatatoka kwa umbo la jua. Majani ya zamani hayatarudi nyuma, yatabaki vile yalivyokomaa. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho kwamba mahali hapaandiki juu ya mbegu, panaandika juu ya mwili unaokua, na kile kilichokwisha kukua hakibadiliki.

Jaribio la pili ni la maharagi na udongo. Kwanza kabisa, punje zitengwe kwa rangi na umbo, ili zote ziwe za aina moja. Kisha udongo wa namna tatu: ule wa kilima kilicholimwa miaka mingi bila kupumzika, ule wa bondeni, na ule wa karibu na zizi la ng'ombe uliochanganyika na samadi iliyooza. Makopo matano kwa kila udongo, punje mbili kila kopo, moja ing'olewe zikishaota.

Hapa kuna mtego. Kwa siku kama 10 za kwanza, makopo yote yatafanana, na wanafunzi watasema udongo hauna kazi. Haragi changa halili udongo bado. Linakula vile vipande viwili vinene vya punje vyenye limebeba juani. Tofauti inaanza kuonekana vikishakauka na kuanguka. Mwalimu mwenye anafunga jaribio juma la pili atafundisha uongo. Mwisho, mmea unang'olewa taratibu na mizizi inaoshwa kwenye bidoni iliyokatwa. Vinundu vidogo kwenye mizizi vikipasuliwa na ndani vikawa vyekundu kidogo, ujue bakteria wanafanya kazi ya kutoa azoti hewani na kumpa mmea. Vikiwa vyeupe ao kijani ndani, hawafanyi. Mkulima amepita juu ya vinundu hivi maisha yake yote, na wengi wanafikiri ni ugonjwa.

La tatu ni la viazi vya mviringo, ile wengine wanaita birai, na lina faida ya moja kwa moja. Viazi sita vya mbegu kutoka mmea mmoja, vitatu kwenye giza ndani ya kikapu kilichofunikwa, vitatu kwenye nuru ya dirishani isiyo ya jua kali. Vya gizani vitatoa machipukizi marefu, meupe, yanayovunjika ukiyagusa. Vya nuruni vitatoa machipukizi mafupi, manene, yenye rangi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi, CIP cha Peru, kimefundisha wakulima wa nchi nyingi njia hii ya kutunza mbegu kwenye nuru kidogo, na kitu inachohitaji ni rafu za miti tu. Viazi vilivyokuwa kijani visiende jikoni, vina sumu. Ni vya kupanda.

Namna jaribio linaharibika

Kopo moja juani na kopo moja kivulini si jaribio. Panya akikula moja, kila kitu kimekwisha. Na hata panya asipokuja, punje moja inaweza kuwa mgonjwa kwa sababu zake. Ndiyo maana ni matano kwa matano, ao zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mimea ya juani ni sentimetre 17, 18, 20, 16 na 19, na ya kivulini ni 31, 27, 33, 18 na 29. Wastani wa kwanza ni 18, wa pili ni 27.6. Lakini ile moja ya 18 ya kivulini inamfundisha mwanafunzi zaidi ya wastani. Kwa nini ilibaki fupi? Mizizi ilioza? Maji yalikwama kwa kuwa tundu lilizibwa? Mtoto anayefuta namba hiyo ili daftari iwe nzuri ameanza tabia mbaya.

Maji ndiyo yanayoharibu mara nyingi. Makopo ya juani hukauka haraka, basi ukimwagia sawasawa, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, nuru na unyevu. Hakuna dawa kamili. Darasa linaweza kupima unyevu kwa kidole na kuongeza maji pale panapokauka, na kuandika wazi kwamba limefanya hivyo. Tena kopo la chuma lililosimama juani linapata joto kali; kulizika nusu ndani ya udongo ao kulizungushia majani ya migomba kunasaidia. Na nafasi za makopo zipigiwe kura kwa vipande vya karatasi, ili mwanafunzi asiweke mimea anayoipenda kwenye upande mzuri.

Jambo baya kuliko yote ni mwalimu kuandika matokeo ubaoni kabla ya kupanda. Mtoto mwenye anajua jibu analotakiwa kupata atalipata, hata kama kopo lake linasema lingine.

Barabara kama chombo cha sayansi

Masisi na Walikale ziko na kitu ambacho univerisite tajiri zinalipia pesa nyingi: mteremko. Vilima vya malisho vya Masisi vinapita metre 2,000 juu ya bahari. Barabara inashuka Kitshanga, inapita Mweso, inaelekea Pinga, na zaidi huko Walikale mtu anajikuta kwenye msitu wa joto, chini ya metre 1,000. Kwa kawaida, kila ukishuka metre 1,000 joto linaongezeka kama digri 6. Haragi linajua hesabu hiyo. Kwenye baridi ya juu linachelewa kukomaa. Kwenye joto la chini, usiku ukipita digri 20, maua mengi yanaanguka bila kutoa ganda. Mmea unakuwa na majani ya kupendeza na mavuno ya aibu. Je, si ndiyo kilio kile cha sokoni?

Marekani, huko Kalifornia, watafiti watatu, Clausen, Keck na Hiesey, walichukua mimea ya porini, wakagawanya kila mmoja vipande vitatu, wakapanda kimoja karibu na bahari metre 30, kingine metre 1,400, kingine metre 3,050. Walitoa kazi yao kubwa ya kwanza mwaka 1940. Waliona mambo mawili kwa pamoja. Mmea uleule ulibadilika kimo kwa kila bustani. Lakini mimea iliyozaliwa milimani ilibaki mifupi hata ilipopandwa chini, na mingi ya chini ilikufa huko juu kwenye baridi kali. Kwa maneno mengine, swali "ni mbegu ao ni mahali?" mara nyingi liko na jibu la tatu: ni mbegu hii kwenye mahali hapa. Mbegu inayoshinda Kitshanga inaweza kushindwa Pinga bila kuwa mbaya.

Kufanya jambo hilo hapa hakuhitaji bustani tatu za univerisite. Masomo matatu, moja juu, moja Mweso, moja chini, yanagawana glasi moja ya maharagi ya aina moja, yanapanda juma moja, yanapima vitu vilevile: siku za kuota, siku ya ua la kwanza, idadi ya maganda. Mbegu inaweza kubebwa na mwenye moto kwenye mfuko wa koti. Namba zinapita kwa simu. Ni kweli, kuna siku barabara imefungwa na kuna siku hata mtandao hauko, na hakuna mwalimu anayepaswa kuhatarisha mtoto kwa sababu ya maharagi. Lakini uzuri wa jaribio hili ni kwamba baada ya mbegu kufika, hakuna mtu anayehitaji kusafiri.

Matokeo ya namna hiyo yangewafaa pia wale wanaogawa mbegu. Mashirika ya kiutu hugawa kwa haraka, na haraka ina sababu zake, watu wako na njaa. Lakini mfuko uleule kwa kijiji cha kilimani na kijiji cha msituni ni bahati nasibu. Karatasi moja ya namba kutoka masomo matatu haitoshi kuwa utafiti wa kitaalamu. Inatosha kumfanya mgawaji aulize swali kabla ya kupakia lori.

Wakati jibu si mbegu wala udongo

Wakaaji wa Masisi wanakumbuka vizuri ndizi. Mwaka 2001 ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika Kongo, na ilikuwa hapa hapa katika teritware ya Masisi. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa maji ya manjano. Wengine walilaumu udongo uliochoka, wengine uchawi, wengine miche iliyotoka kwa jirani. Waliolaumu miche walikuwa karibu na ukweli kuliko wengine, kwa kuwa ugonjwa ulipita kwa miche na kwa panga zisizosafishwa. Na hata hapo mahali pana kazi yake: chini, kwenye joto, wadudu wanaotembelea maua hueneza ugonjwa sana, juu ya metre 1,700 hivi wanapunguka, na panga linabaki kuwa adui mkubwa.

Makopo ya masomo hayawezi kutambua ugonjwa kama huo, na mwalimu asidai hivyo. Pia mmea ndani ya kopo umebanwa mizizi. Huwezi kuzidisha maganda yake kwa namba na kusema hekta itatoa hivi. Makopo yanafundisha namna ya kutenganisha sababu. Shamba linabaki shamba.

Neno "mbegu" linapohamia kwa watu

Kuna sababu nyingine ya kuwataka watoto wa hapa waelewe jambo hili, na ni nzito. Neno "mbegu" halibaki shambani. Watu wanasema "ni mbegu yao" wakizungumza juu ya majirani: hawa ni wafupi, wale ni wavivu, wengine ni wakali. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta kama nusu ya watoto wa Kivu ya Kaskazini wenye hawajafika miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Nusu ya watoto wa mkoa mzima si ukoo. Ni sahani, kuhara, malaria, kukimbia usiku na kulala chini ya shitingi. Ni matembele ya kivulini. Na kama jani lililokwisha kukomaa, kimo kilichopotea miaka ile ya mwanzo ni kigumu kurudisha, ndiyo maana waganga wanapigia kelele siku 1,000 za kwanza.

Si kwamba uzao hauna kazi kwa binadamu. Uko na kazi. Lakini mwanafunzi aliyeona kwa macho yake shina moja likitoa mimea miwili isiyofanana, atasita kidogo siku nyingine kabla ya kusema "ni mbegu yao". Kusita huko hakuko kwenye mtihani wa serkali, lakini Masisi inakuhitaji.

Mzazi analipa, mwalimu anangojea

Kwa nini basi jambo rahisi hivi halifanyiki kila mahali? Si juu ya makopo. Kusoma bila malipo kulitangazwa 2019 kwa shule za msingi. Sekondari mzazi analipa, na anataka kuona diploma. Mtihani wa serkali una maswali mengi ya kuchagua jibu, na hakuna swali linalouliza umemwagia maji namna gani. Mwalimu anayetumia majuma matatu kwa makopo ataulizwa na prefe amefika sura ya ngapi.

Tena kuna historia mbaya ya jembe ndani ya masomo. Kwa wazazi wengi, mtoto kushika udongo shuleni maana yake ni azabu, ao kulima shamba la mwalimu bure. Wako na haki ya kuuliza. Jaribio la makopo 10 linalokaa pembeni ya darasa, na daftari yenye namba ambayo mtoto anaileta nyumbani, linaweza kuwaondolea wasiwasi, kwa sharti moja: mavuno yakitokea, yasiishie jikoni kwa mwalimu. Yagawanywe kama mbegu kwa familia za watoto, zikiwa zimetengwa na kuandikwa jina.

Na vita? Haragi fupi, lisilopanda miti, linahitaji siku kama 75 mpaka 90 kukomaa. Lile la kupanda miti linahitaji zaidi. Darasa linaloweza kukimbia wakati wowote lisianze na jaribio la sezoni nzima. Viazi vya gizani na vya nuruni vinaonyesha tofauti ndani ya majuma machache, matembele ndani ya majuma matatu. Watoto wakihama, daftari inahama nao, na huko wanakofika kuna kopo tupu na kuna udongo. Sezoni A inaanza Septemba, pamoja na masomo. Maharagi yaliyotengwa kwa rangi mwezi wa nane, glasi moja tu, yamewekwa mahali pakavu kwenye chupa iliyofungwa na majivu kidogo dhidi ya wadudu, yanatosha kwa darasa zima.